Kundi la tert-butili likikugomea maabara: dalili, sababu na marekebisho

Tert-butili ni kaboni moja iliyobeba methili tatu, ikabakiwa na mkono mmoja wa kushikia molekuli nyingine. Karibu kila lalamiko linalohusu kundi hili linarudi kwenye tabia zake mbili. Ya kwanza ni unene: methili tatu zinaziba njia, kwa hiyo mmenyuko wowote unaotaka kuifikia kaboni ya kati kwa nyuma haufiki. Ya pili ni wepesi wa kuondoka. Likikutana na asidi kali au kiyeyushi chenye maji, kundi hujitenga likawa kabokationi (kaboni yenye chaji chanya), kisha kabokationi hiyo hudakwa na chochote kilicho karibu, au hupoteza protoni ikawa isobutilini, gesi inayochemka kwenye nyuzi -7 °C. Ukikwama, jiulize kwanza ni tabia ipi inayokusumbua. Mara nyingi jibu hilo hukuokoa na kurudia jaribio zima.

Dalili zimepangwa kuanzia zile za mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hadi zile ambazo mtu hapaswi kuzishughulikia peke yake. Ndani ya kila dalili, sababu ya kawaida zaidi imetangulia. Vipimo ni vya meza ya kufundishia. Tert-butanoli (alkoholi ya kundi hili) na tert-butili kloridi inayotengenezwa kutoka kwayo huwaka kirahisi: mvuke wa tert-butanoli unaweza kushika moto hata alkoholi yenyewe ikiwa kwenye nyuzi 11 tu, kwa hiyo hapa hakuna kichomeo cha gesi. Tumia beseni la maji ya moto, na kazi yote ifanyike ndani ya kabati la kufyonza mvuke.

Tert-butanoli imeganda chupani, haimwagiki

Haijaharibika. Inaganda kwenye nyuzi 25 na kitu. Dar es Salaam na Mombasa utaikuta kimiminika karibu mwaka mzima; Nairobi au Mbeya mwezi wa Julai utaikuta jiwe. Legeza kifuniko, simamisha chupa kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 40, subiri. Usiweke chupa juu ya jiko la umeme.

Ikishayeyuka, shida inayofuata ni pipeti kuziba katikati ya kupima. Pasha pipeti kwenye maji yale yale, uikaushe kwa nje, au achana na ujazo kabisa: pima kwa mizani. Mililita 10 ni gramu 7.8.

Dalili ya kinyume ndiyo watu huikosa. Chumba kina nyuzi 18, chupa imefunguliwa mara nyingi, na tert-butanoli bado ni maji maji. Huenda imepoa chini ya kiwango chake bila kuganda. Itikise au kwaruza kioo kwa ndani na kijiti cha kioo. Isipoganda, ina maji. Kwa kutengeneza tert-butili kloridi hilo halina neno, kwa sababu unakwenda kuichanganya na asidi yenye maji tele. Kwa kazi ya potasiamu tert-butoksidi, besi kali isiyotaka unyevu, ni balaa. Chupa hiyo iandike alama, uitumie kwa mazoezi ya wanafunzi. Kuikausha kwa kalsiamu haidridi na kuikeneka upya hutoa haidrojeni, na hiyo ni kazi ya fundi wa maabara mwenye uzoefu.

Tert-butili kloridi imetoka kidogo mno

Kipimo cha kulinganishia: mililita 10 za tert-butanoli (moli 0.105) na mililita 30 za asidi haidrokloriki nzito iliyopozwa. Zao kamili la nadharia ni gramu 9.7, yaani mililita 11 na ushei. Ukipata zaidi ya gramu 6.5 huna kesi. Chini ya 4, endelea kusoma.

Sababu ya kwanza ni kwamba zao limepaa. Kitu kinachochemka kwenye nyuzi 51, ndani ya chumba cha nyuzi 31, kikiachwa kwenye bika wazi wakati unaandika daftari, hupungua bila kukuaga. Chupa ya kupokelea ikae kwenye barafu, shingo ya kipoza mvuke iingie ndani yake, na maji yanayopita kwenye kipoza yawe baridi kweli. Maji ya tangi la juu ya paa saa nane mchana hayafai. Zungusha maji ya barafu kwa pampu ndogo ya tangi la samaki.

Ya pili ni asidi iliyochoka. HCl (asidi haidrokloriki) nzito ni asilimia 37, karibu moli 12 kwa lita, na hupoteza gesi yake kila chupa inapofunguliwa. Ipime kabla ya kuilaumu: mililita 10 zinapaswa kuwa na uzito wa takriban gramu 11.8. Ukipata 11.3, tayari ni dhaifu na mmenyuko utaishia njiani.

Ya tatu: kutikisa kwa woga. Tert-butanoli na asidi huchanganyika upesi, lakini kloridi inayozaliwa hujitenga juu kama mafuta na inahitaji muda. Zungusha faneli ya kutenganishia bila kizibo kwa dakika moja, kisha iziba, tikisa kwa dakika kadhaa ukitoa gesi kila mara, halafu iache itulie dakika 15 hadi matabaka mawili yaonekane wazi.

Ya nne inachekesha, ila hutokea kila muhula: aliyetupwa ndiye aliyetakiwa. Densiti ya tert-butili kloridi ni 0.85, ya asidi ni karibu 1.18, kwa hiyo zao linaelea juu. Ukiwa na shaka, dondoshea tone la maji na uangalie linaungana na tabaka lipi. Na usimwage tabaka lolote mpaka zao liwe limepimwa mizani.

Mwisho kuna waliosafisha zao kwa myeyusho wa sodiamu haidroksidi wakidhani asidi itaisha haraka zaidi. Asidi inaisha kweli, na kloridi nayo inaliwa: besi kali huivuta protoni na zao linaondoka likiwa isobutilini, huku maji nayo yakiendelea kuigeuza kuwa tert-butanoli ile uliyoanza nayo. Tumia sodiamu baikaboneti ya asilimia 5, mililita 10, mara moja. Maji kabla na baada, mililita 10 kila mara. Usiache zao likae juu ya maji wakati wa chakula cha mchana.

Kizibo cha faneli kinaruka, au faneli inafoka

Karibu kila mara ni kaboni dioksidi: baikaboneti imekutana na asidi iliyobaki na faneli ikafungwa mapema. Mvuke wa kloridi yenyewe huongeza presha, hasa mkono wako ukiipasha faneli joto. Rudi nyuma: faneli bila kizibo, zungusha taratibu mpaka mapovu yapungue. Kisha iziba, igeuze chini juu, fungua koki mara moja huku mdomo wake ukielekea ndani ya kabati. Rudia kila baada ya kutikisa mara mbili tatu mpaka isisikike tena sauti ya gesi.

Acha kabisa ukiona ufa kwenye faneli, au koki imekwama wakati ndani kuna presha. Iweke kwenye pete yake, shusha kioo cha kabati, ondoka, mwite msimamizi. Kioo chenye presha hakifunguliwi kwa koleo.

Zao lina ukungu

Ni maji. Ongeza kalsiamu kloridi kavu kidogo kidogo, gramu moja kwa kuanzia, mpaka chembe ziwe zinatembea peke yake chini ya chupa badala ya kushikana. Kalsiamu kloridi inafaa hapa kwa sababu hushika pia alkoholi iliyobaki, jambo ambalo sodiamu salfeti hailifanyi. Hamishia zao kwenye chupa nyingine kabla ya kukeneka. Ukikeneka na chumvi ikiwa ndani, joto litayarudisha maji uliyoyatoa.

Kipimajoto hakisomi nyuzi 51

Kikisoma 45 na uko Nairobi, kila kitu kiko sawa. Vitabu hutoa viwango vya kuchemka kwa kanieneo ya usawa wa bahari, na mji ulio karibu mita 1,750 juu ya bahari una kanieneo ya takriban mmHg 620. Kwa tert-butili kloridi kadiria kushuka kwa nyuzi 1 kwa kila mita 300; Kampala tegemea 47 hivi. Wanafunzi wa nyanda za juu wamekatwa alama bure kwa sababu ya jedwali lililoandikwa kwa mtu wa pwani.

Ukiwa pwani na bado kinasoma chini, angalia balbu ya kipimajoto: iwe sawasawa na tundu la mkono wa pembeni, chini kidogo. Ikiwa juu ya tundu, mvuke hauigusi vizuri. Matone machache ya mwanzo huwa na isobutilini iliyoyeyuka ndani, yaweke kando.

Kikipanda kuelekea 80, hiyo si kloridi tena. Tert-butanoli na maji huchemka pamoja kwenye nyuzi 79.9, na kuiona sehemu hiyo ikiwa kubwa maana yake mmenyuko haukukamilika. Rudi kwenye nguvu ya asidi.

Majaribio ya utambuzi yanapingana

Fedha nitrati katika ethanoli imetoa mashapo meupe papo hapo, lakini sodiamu ayodidi katika asetoni haikutoa kitu. Hakuna kinachopingana. Jaribio la kwanza linapitia kabokationi na tert-butili hulipenda. La pili linahitaji ayodidi ipite kwa nyuma, na methili tatu zimesimama mlangoni. Majibu hayo mawili kwa pamoja ndiyo yanayokuambia kuwa kloridi yako ni ya daraja la tatu, yaani kaboni yake imeshika kaboni nyingine tatu.

Tahadhari moja: HCl iliyobaki nayo hutoa mashapo meupe na fedha nitrati. Tikisa matone machache ya zao na maji, gusisha maji hayo kwenye karatasi ya litmasi ya bluu mara moja. Ikiwa nyekundu papo hapo, safisha upya kabla ya kuamini jaribio. Usingoje dakika tano kisha usome, kwa sababu kloridi yenyewe itakuwa imeanza kutoa asidi.

Jaribio la kasi kwa bromofenoli bluu: rangi haibadiliki, inabadilika mapema, au hesabu haikubali

Hapa ndipo kundi hili linapofundisha vizuri, na ndipo makosa yanaporundikana. Mpango wa kawaida: chupa A ina mililita 3.0 za tert-butili kloridi ya 0.1 M (moli 0.1 kwa lita) katika asetoni. Chupa B ina mililita 0.3 za NaOH (sodiamu haidroksidi) ya 0.1 M, mililita 6.7 za maji na matone mawili ya bromofenoli bluu. Unamimina B ndani ya A na kuanza kuhesabu. Kila molekuli inayovunjika hutoa HCl. NaOH ikiisha, bluu inageuka njano. NaOH ni moja ya kumi ya kloridi, kwa hiyo rangi inabadilika mmenyuko ukiwa umefika asilimia 10, na k = 0.105 ÷ t (k ni kigezo cha kasi, t ni muda uliohesabu).

Rangi ikigeuka njano mara tu unapomimina, sababu ya kwanza ni akiba ya kloridi iliyokaa. Asetoni ya kawaida ina maji. Kloridi iliyotengenezwa jana imeshaanza kutoa asidi. Tengeneza akiba mpya asubuhi ile ile: mililita 1.1 za kloridi, jaza asetoni hadi 100. Sababu ya pili ni chupa A iliyosuuzwa kwa maji na kutumiwa ikiwa mbichi. Isuuze kwa asetoni. Ya tatu ni kipimo cha NaOH: mililita 0.3 kwa silinda ya kupimia ni kubahatisha, tumia pipeti ya mililita 1 yenye mistari.

Isipobadilika kabisa, angalia kama mtu amebadilisha mililita 0.3 na 3.0. NaOH ikilingana na kloridi au kuizidi, utangoja mpaka jioni. Kisha angalia kama kloridi imepaa kutoka kwenye chupa ya akiba isiyofungwa vizuri. Mwisho, uwiano wa kiyeyushi: asetoni ikizidi, ioni hazipati maji ya kuzituliza na kasi inashuka sana. Asilimia 30 ya asetoni kwa 70 ya maji si pambo la karatasi ya maelekezo.

Majibu yanayorukaruka kutoka mara moja hadi nyingine ni suala la joto. Nyuzi moja tu hubadilisha kasi hii kwa takriban asilimia 10 au zaidi. Chupa zote mbili zikae kwenye beseni moja dakika 10 kabla ya kuchanganywa, na zisishikwe kwa kiganja.

Kosa la mwisho haliko mezani, liko kwenye ripoti. Mwanafunzi anaongeza NaOH mara mbili (mililita 0.6, maji 6.4), muda unakuwa zaidi ya mara mbili, naye anaandika kwamba haidroksidi inapunguza kasi. Haipunguzi. Sasa unangoja asilimia 20 badala ya 10, na fomula inakuwa k = 0.223 ÷ t. Ukiitumia, k inarudi ile ile, na huo ndio ushahidi kwamba haidroksidi haimo kwenye hatua inayoamua kasi.

Potasiamu tert-butoksidi haifanyi kazi, au inatoa zao usilolitaka

Unga uliopata unyevu hugeuka KOH (potasiamu haidroksidi) na tert-butanoli. Angalia kwa macho kwanza: unga mzuri ni mweupe na mwepesi, mbovu umegandamana. Kisha weka kidogo kwenye THF (tetrahidrofurani, kiyeyushi) kavu. Tert-butoksidi huyeyuka vizuri, KOH haiyeyuki. Ukipata tope, tupa. Titresheni kwa asidi haitakusaidia sana, kwani KOH nayo ni besi, na bureti inaweza kukupa jibu zuri kwa unga uliokwisha kufa.

Kama unga ni mzima na zao ndilo la ajabu, angalia umeuyeyushia wapi. Ukiweka tert-butoksidi kwenye ethanoli, ethanoli inatoa protoni na chupani unabaki na ethoksidi. Tofauti inaonekana wazi kwa 2-bromo-2-methilibutani: ethoksidi hutoa takriban asilimia 70 ya 2-methili-2-butini, alkini (haidrokaboni yenye kifungo maradufu) iliyosongwa zaidi, lakini tert-butoksidi ndani ya tert-butanoli hugeuza uwiano huo, ikachukua protoni ya pembezoni kwa sababu ya ndani haiifikii. Ukitaka alkini ya pembezoni, kiyeyushi kiwe tert-butanoli au THF kavu.

Kuna pia kosa la mpango. Mtu anataka methili tert-butili etha, anachukua tert-butili kloridi na sodiamu methoksidi, anapata mapovu. Ni isobutilini. Geuza pande: tert-butoksidi na methili ayodidi. Methili haina pa kukimbilia wala kizuizi.

Onyo: unga huu unaweza kuwaka ukikutana na asetoni, kloroformu au diklorometani. Ukimwagika, usiufute kwa kitambaa chenye asetoni na usiutupe kwenye kapu la karatasi. Fagia ukiwa mkavu kwenye chombo kikavu. Ukiona moshi, rudi nyuma na uite msaada.

Boc haishiki kwenye amini

Boc (tert-butoksikabonili) ni tert-butili iliyofungwa kwenye kabonili kupitia oksijeni, kofia inayolinda amini (kundi la nitrojeni lenye tabia ya besi) wakati unashughulikia sehemu nyingine ya molekuli. Kipimo cha kawaida ni moli 1.1 za Boc anhidridi kwa moli 1 ya amini, pamoja na triethilamini au baikaboneti, kuanzia nyuzi 0 kisha joto la chumba.

Isiposhika, uliza kwanza: amini yako iliingia ikiwa chumvi ya HCl? Basi inahitaji moli moja zaidi ya besi ili iachiliwe, na hii ndiyo sababu inayoongoza kwa mbali. Pili, anhidridi yenyewe. Inayeyuka kwenye nyuzi 22 hadi 24 na inapaswa kukaa kwenye friji. Ikiachwa rafuni mahali pa joto huvunjika polepole na kutoa kaboni dioksidi, hata chupa ikavimba. Chupa iliyovimba ipoze kwanza, iweke ndani ya kabati, ifungue robo mzunguko kwa wakati. Mvuke wake ni sumu ukivutwa, kwa hiyo usiinuse kamwe.

Tatu ni amini dhaifu au iliyosongwa, anilini kwa mfano. Pasha hadi nyuzi 40, ngoja usiku. DMAP (dimethilaminopiridini, kichocheo) ya asilimia 5 ya moli husaidia, ila kwa amini ya daraja la kwanza inaweza kukupandishia Boc mbili kwenye nitrojeni moja. Ijaribu mwisho, na kwa kiasi kidogo.

Boc haitoki

Kabla ya kuongeza asidi, hakikisha kweli haijatoka. Wengi hupumbazwa na alama ya NMR (kipimo cha sumaku kinachoonyesha haidrojeni za molekuli) karibu na 1.4 ppm. Katika kloroformu yenye deuteri, Boc huonekana 1.4 hadi 1.5, na BHT, kihifadhi kinachotiwa kwenye THF na etha, nayo ina tert-butili zake kwenye 1.43. Ukiona pia vilele vidogo kwenye 2.27, 5.01 na 6.98, unatazama BHT. Tert-butanoli hukaa 1.28, methili tert-butili etha 1.19 na 3.22. Kilele cha Boc kiwe na uzito wa haidrojeni 9 ukilinganisha na sehemu nyingine ya molekuli. Kikiwa 1.7, hicho ni kitu kingine.

TLC (kromatografia ya bamba jembamba) nayo hudanganya. Ninihidrini hutia rangi amini huru, lakini bamba likipashwa moto kupita kiasi, Boc hudondoka hapo hapo juu ya bamba na doa linapata rangi. Tumia joto la wastani na uweke doa la malighafi pembeni.

Ikiwa imebaki kweli:

- Asidi haitoshi. TFA (asidi ya trifluoroasetiki) ya asilimia 20 hadi 50 katika diklorometani kwa saa moja au mbili hutosha kwa kawaida. Molekuli yenye nitrojeni nyingi za kibesi humeza asidi kwanza. Zihesabu na uongeze.
- HCl ya 4 M katika dioksani imezeeka na gesi imeondoka. Titresha mililita 1 ndani ya maji.
- Kuna DMF (dimethilifomamidi, kiyeyushi) au maji yaliyobaki kutoka hatua iliyopita. Yanapunguza makali ya asidi. Kausha kwa pampu, anza upya.
- Unachokitazama ni esta ya tert-butili na si Boc. Esta huchelewa zaidi. Ipe TFA nzito zaidi na muda.

Zao likitoka zito kuliko nadharia, halijachafuka lazima. Amini yako imeshika TFA na kuwa chumvi, na kila moli ya TFA ni gramu 114 za nyongeza.

Kuhusu chombo: moli 0.01 ya Boc inaweza kutoa kaboni dioksidi na isobutilini zinazofika karibu nusu lita kwa jumla. Usifunge chupa kwa kizibo kigumu. TFA huunguza ngozi kwa kina na hupenya glavu nyembamba za nitrili kwa muda mfupi. Vaa nene, badilisha mara tu ikidondokewa. Ikigusa ngozi, maji ya bomba kwa dakika 15 kisha hospitali, hata kama maumivu yamepungua.

Kipimo cha masi kinaonyesha namba zisizotarajiwa

Pungufu ya 56 au 100 kutoka kwenye namba ya Boc yako ni kawaida: kundi linadondoka ndani ya mashine kama isobutilini, au pamoja na kaboni dioksidi yake. Tafuta kilele chenye sodiamu, ambacho mara nyingi hubaki kizima.

Ongezeko la 56 ndilo tatizo. Kabokationi iliyotoka kwenye Boc imekwenda kukaa kwingine, kwa kawaida kwenye salfa ya methionini au sisteini, au kwenye triptofani. Weka wadakaji, yaani vitu vya kuidaka kabokationi hiyo: kwa peptidi, mchanganyiko wa TFA 95, maji 2.5 na triisopropilisilani 2.5 kwa ujazo. Anisoli pia hutumika. Ikishashika kwenye triptofani, kuitoa ni kazi kubwa kuliko kutengeneza upya kutoka mwanzo. Usihangaike nayo.

Yanayokomea kwa mtaalamu

Vitu viwili vya familia hii havina sehemu ya kurekebisha mwenyewe. Tert-butili haidroperoksidi huuzwa ikiwa asilimia 70 ndani ya maji, na maji hayo ndiyo usalama wake. Usiikeneke, usiikaushe kwa joto, usiichanganye na asidi kali au chumvi za metali bila mtu aliyewahi kufanya hivyo. Chupa yenye fuwele kwenye shingo haiguswi. Funga chumba, mwite afisa wa usalama.

Tert-butili lithiamu, kwa kawaida 1.7 M katika pentani, huwaka yenyewe ikigusa hewa. Desemba 2008, katika chuo cha UCLA huko Marekani, msaidizi wa utafiti wa miaka 23 alikuwa akiivuta kwa sirinji ya plastiki, bomba la ndani likachomoka, kimiminika kikawaka juu ya nguo zake. Hakuwa amevaa koti la maabara. Alifariki siku 18 baadaye. Kama dalili yako ni sindano iliyoziba, kizibo cha mpira kilichochoka, au ukungu mweupe juu ya chupa, usijaribu kuvuta tena. Acha chupa chini ya nitrojeni ilipo, ondoa viyeyushi vilivyo karibu, mwite mtu aliyefunzwa kazi hiyo.

Moto wa tert-butili lithiamu ulio mezani haumwagiwi maji. Tumia mchanga mkavu au kizimamoto cha unga mkavu. Katazo hilo ni la meza tu. Nguo za mtu zikishika moto, mpeleke moja kwa moja chini ya bafu la dharura na ufungue maji yote.